Alama ya kufuta: DELETE ya FoxPro, safu ya deleted_at, au jedwali la kumbukumbu?

Ukibonyeza kitufe cha Futa kwenye programu ya SACCO, ndani ya kanzidata kunaweza kutokea moja kati ya mambo manne, na keshia aliyebonyeza hana namna ya kujua ni lipi. Rekodi inaweza kutiwa alama ikabaki palepale ilipokuwa. Inaweza kuandikiwa tarehe ya kufutwa kwenye safu yake maalumu. Inaweza kuhamishiwa jedwali la kumbukumbu. Au inaweza kuondolewa kabisa.

Hapa Uganda uchaguzi huu unawakuta zaidi wanaohama. Bado utakuta SACCO, duka la dawa au shule, iwe Mbale, Busia au kwenye vichochoro vya Kampala, inayoendesha hesabu zake kwa programu iliyoandikwa zamani kwa FoxPro, mfumo wa kanzidata wa Microsoft, na kijana ambaye leo anaitwa mzee. Microsoft ilitoa toleo la mwisho la Visual FoxPro, la 9, mwaka 2004. Mwaka 2007 ikatangaza kwamba hakuna jingine litakalofuata, na Januari 2015 ikafunga msaada wake wote. Programu zenyewe zimeendelea kufanya kazi, lakini kila mwaka chama kingine kinaamua kuhamia PostgreSQL au MySQL, kanzidata zinazotumia lugha ya SQL, na swali linakuwa lilelile: ile tabia ya FoxPro ya kufuta bila kufuta, tuhame nayo au tuiache hukohuko?

Njia zote nne zinafanya kazi. Tofauti yao iko kwenye nani anabeba jukumu la kukumbuka kwamba rekodi imefutwa: injini ya kanzidata, au wewe unayeandika programu. Ukilitazama swali kwa jicho hilo, uchaguzi unakuwa mwepesi zaidi.

Nyota mwanzoni mwa rekodi

Faili la DBF, ambalo FoxPro ililirithi kutoka dBASE, lina utaratibu mwepesi ajabu. Kila rekodi huanza na baiti moja isiyo ya safu yoyote. Ikiwa ni nafasi tupu, yaani 20 kwa heksadesimali, rekodi ni hai. Ikiwa ni nyota, yaani 2A, rekodi ina alama ya kufutwa. Amri ya DELETE inaandika hiyo nyota tu. Jina la mwanachama, NIN yake (namba ya kitambulisho cha taifa), namba ya simu, salio lake, vyote viko palepale. Fungua faili kwa programu ya kuonyesha baiti, utavisoma herufi kwa herufi, vimetanguliwa na nyota.

Kwa vitendo mambo huenda hivi:

    USE wanachama EXCLUSIVE
    DELETE FOR hali = "T"
    RECALL FOR namba = "0412"
    PACK

Mstari wa pili unawatia alama wote waliotoka. Wa tatu unamrudisha mwanachama namba 0412 kwa kumfutia nyota. Wa nne ndio unaoua: PACK inaliandika faili upya bila rekodi zenye nyota, na baada ya hapo hakuna RECALL itakayosaidia. Kuna na ZAP, inayosafisha jedwali zima kwa mkupuo. Hiyo iogope.

Anayetoka FoxPro kwenda SQL aiangalie tofauti hii mara mbili. Kwenye FoxPro, ukiandika DELETE peke yake, bila FOR wala ALL, inaguswa rekodi moja tu, ile ambayo kielekezi kimesimama juu yake. Kwenye PostgreSQL au MySQL, ukiandika DELETE FROM wanachama bila WHERE, umemaliza chama kizima. Mkono uliozoea amri ya kwanza unaweza kuandika ya pili bila kufikiri. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote kwa mkono kwenye SQL, tanguliza BEGIN, futa, soma idadi ya mistari iliyoguswa, ndipo uamue kati ya COMMIT (kuthibitisha) na ROLLBACK (kurudisha kama ilivyokuwa).

Uzuri wa nyota ya FoxPro ni kwamba injini yenyewe inaijua. Ukiweka SET DELETED ON, amri zinazopita kwenye jedwali zinaziruka rekodi zenye nyota: BROWSE, COUNT, SUM, SELECT, ripoti. Huhitaji kuandika sharti lolote kwenye kila ripoti. Raha hiyo hutaipata kirahisi kwenye SQL, na wanaoisifu FoxPro kwa hili wana haki.

Ila mpangilio huo una mitego, na mbaya kuliko yote ni kwamba kwa kawaida uko OFF. Tena katika Visual FoxPro unashikamana na kikao cha data. Fomu yenye kikao chake binafsi huanza upya na OFF, hata kama programu kuu iliweka ON asubuhi. Matokeo yake ni fomu moja kati ya ishirini inayoonyesha waliotoka, na watumiaji wanaapa kwamba kompyuta ina jini. Dawa ni kuweka SET DELETED ON kwenye tukio la Load la fomu mama ambayo nyingine zote zinairithi.

Mtego wa pili ni RECCOUNT(). Hiyo haijali mpangilio wowote, inahesabu kila rekodi iliyomo kwenye faili, yenye nyota na isiyo nayo. COUNT inaheshimu mpangilio. Tuseme mwandishi wa ripoti alitumia RECCOUNT() kwenye kichwa na COUNT kwenye jumla ya chini. Juu kutasomeka wanachama 1,240, chini 1,187, na mkutano mkuu wa mwaka utakwama hapo mpaka chakula cha mchana kipoe. Programu si mbovu. Ni kazi mbili zinazoangalia baiti ileile kwa macho tofauti.

Lakini kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote ni kwamba nyota haisemi lini wala nani. Fikiria keshia ametia alama wanachama arobaini kwa bahati mbaya Jumatatu asubuhi. Fundi anakuja, anaweka SET DELETED OFF ili amri izione rekodi zenyewe, anaandika RECALL ALL. Arobaini wamerudi. Wamerudi pia wote waliofutwa tangu PACK ya mwisho, pamoja na rekodi zilizoingizwa mara mbili na marehemu ambao familia zao zilishalipwa akiba. Nyota zote zinafanana. Kuwatenganisha utalazimika kulinganisha na nakala ya Ijumaa, kama ipo.

PACK nayo inataka jedwali lifunguliwe na mtu mmoja tu, kwa hiyo watumiaji wote watoke kwanza. Na kwa kuwa inaandika faili upya, umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na faili bovu. Toa nakala kwanza, hakikisha UPS ina chaji, ndipo uandike PACK. Usiifanye saa za kazi.

Safu ya deleted_at

Kwenye SQL hakuna nyota unayoweza kuiona wala kuiondoa, kwa hiyo watu wakajitengenezea yao. Unaongeza safu ya tarehe na saa, kwa desturi inaitwa deleted_at. Ikiwa NULL, yaani haina thamani, rekodi ni hai. Ikiwa na tarehe, imefutwa. Laravel, mfumo wa kuandikia programu kwa lugha ya PHP, inaleta huduma hii tayari kwa jina la SoftDeletes: delete() inaandika tarehe, restore() inaifuta, withTrashed() inaonyesha zote, na forceDelete() ndiyo inayoondoa kweli. Aliyezoea FoxPro ataona ndugu zake wa zamani humo, RECALL na PACK.

Ukilinganisha na nyota, hapa umepata tarehe, na ukiongeza safu ya deleted_by umepata na mhusika. Yale makosa ya Jumatatu asubuhi yanarekebishwa kwa mstari mmoja wenye sharti la saa. Hilo peke yake linatosha kuifanya njia hii kuwa bora kuliko nyota kwa SACCO yoyote yenye keshia zaidi ya mmoja.

Sasa gharama. Injini haijui maana ya safu hiyo. Kwake ni tarehe kama tarehe ya kuzaliwa. Kila swali la SQL lazima libebe sharti la deleted_at IS NULL, na siku mtu akiandika ripoti ya haraka nje ya Laravel, au mhasibu akiunganisha Excel moja kwa moja, sharti linasahaulika na waliofutwa wanafufuka. Hakuna SET DELETED ON ya kukuokoa. Kilicho karibu nayo ni kutengeneza mwoneko:

    CREATE VIEW wanachama_hai AS
    SELECT * FROM wanachama WHERE deleted_at IS NULL;

halafu watu wa ripoti wapewe ruhusa ya kusoma mwoneko huo tu, jedwali lenyewe wasilifikie. Ukiichagua deleted_at bila kufanya hivi, umechagua nusu ya kazi.

Gharama nyingine iko kwenye vitu visivyoruhusiwa kujirudia. Mitandao ya simu huigawa upya namba iliyoachwa muda mrefu bila kutumika. Mwanachama wa zamani alikuwa na namba fulani, akafutwa, laini ikafa, namba ikapewa mtu mwingine, na mtu huyo anakuja kujiunga.

"Mama, namba hii mfumo unasema tayari ipo."

"Ipo kwa nani, mwanangu? Hii laini nimesajili juzi kwa kitambulisho changu."

"Ndiyo shida, mama, simwoni aliye nayo."

Hamwoni kwa sababu skrini inaficha waliofutwa, ila faharasa ya kuzuia marudio, yaani orodha ambayo injini huitumia kukagua upekee, haifichi mtu. FoxPro ina ugonjwa huohuo: rekodi yenye nyota bado imo kwenye faharasa ya ufunguo mkuu, na ukirudia thamani yake unapata kosa la kuvunjwa kwa upekee. Huko dawa ni kuweka kichujio cha NOT DELETED() kwenye faharasa yenyewe. PostgreSQL ina dawa ya aina hiyohiyo:

    CREATE UNIQUE INDEX simu_hai ON wanachama (simu)
    WHERE deleted_at IS NULL;

MySQL haina faharasa yenye WHERE. Huko unatengeneza safu inayokokotolewa, tuseme inaitwa hai, yenye 1 pale deleted_at ikiwa NULL, vinginevyo NULL, kisha unaweka upekee kwa simu na hai kwa pamoja. Kwa kuwa MySQL haihesabu NULL mbili kuwa sawa, waliofutwa wanaweza kurudia namba watakavyo. Wengine huweka upekee kwa simu na deleted_at moja kwa moja wakidhani wamemaliza. Hapo wamejichimbia shimo: kwa walio hai deleted_at ni NULL, kwa hiyo walio hai ndio wanaoruhusiwa kujirudia.

Kuna na ON DELETE CASCADE, agizo la kufuta watoto wa rekodi pamoja na mzazi, ambalo halisikii chochote ukiandika tarehe kwenye safu, maana kwa injini hakuna kilichofutwa. Watoto wa rekodi wanabaki hai wakati mzazi amefichwa. Lishughulikie kwenye msimbo.

Jedwali la kumbukumbu

Njia ya tatu haina umaarufu wa deleted_at, na nadhani inaonewa. Rekodi inatolewa kwenye jedwali la kazi na kuwekwa kwenye jedwali pacha. PostgreSQL inafanya yote mawili kwa amri moja:

    WITH waliotolewa AS (
      DELETE FROM maombi_mikopo
      WHERE hali = 'limekataliwa'
      RETURNING *
    )
    INSERT INTO maombi_kumbukumbu
    SELECT *, now(), current_user FROM waliotolewa;

Ama vyote vinafanyika ama hakuna kinachofanyika. Jedwali la kazi linabaki dogo, maswali yako hayabebi sharti lolote, faharasa hazina mizimu, na mhasibu mwenye Excel hawezi kukosea hata akitaka. Jukumu la kukumbuka limeondoka kabisa kichwani mwa mwandika programu. Angalizo dogo: kama programu nzima inaingia kwenye kanzidata kwa jina moja, current_user itaandika jina hilo kila mara, kwa hiyo jina la keshia lipitishe wewe mwenyewe.

Udhaifu wake ni wawili. Ukiongeza safu kwenye jedwali la kazi, lazima uiongeze na kwenye pacha, la sivyo amri ile inagoma au, mbaya zaidi, safu zinapishana. Bora uzitaje safu moja moja badala ya kutumia nyota ya SELECT. Na kama rekodi inarejelewa na majedwali mengine kwa ufunguo wa kigeni, injini itakataa kuitoa. Mwanachama mwenye miamala hatoki. Ombi la mkopo lililokataliwa, ambalo halina mtoto, linatoka bila ubishi.

Kufuta kabisa

Hata hapa, kwa kweli, injini huanza kwa kutia alama. PostgreSQL ikipokea DELETE inaandika kwenye mstari namba ya muamala wa kanzidata (si wa fedha) ulioufuta, na mstari unabaki kwenye diski mpaka VACUUM, kazi yake ya usafi, ipite. Injini ya InnoDB ya MySQL nayo hutia alama, halafu kazi ya usafi inafuata nyuma. VACUUM FULL ndiyo inayofanana na PACK hasa: inaandika jedwali upya na kulifunga kwa kila mtu mpaka imalize. Tofauti ni kwamba muamala ukishathibitishwa, hakuna RECALL. Unarudi kwenye nakala rudufu.

Kuna rekodi zinazostahili hivi tu: vikao vya kuingia vilivyoisha muda, kapu la muda, namba za siri za SMS, matokeo ya muda ya ripoti. Kuzitia deleted_at ni kujaza diski takataka zenye tarehe.

Na kuna wakati sheria inataka hivi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi, zilizopitwa na wakati au zilizopatikana isivyo halali zirekebishwe au zifutwe. Inakataza kukaa na data binafsi kuliko muda unaohitajika, na uharibifu wake lazima ufanyike kwa namna inayozuia kuijenga upya ikasomeka. Nyota ya FoxPro haifikii kipimo hicho hata kidogo, kwa kuwa RECALL inaijenga upya kwa sekunde moja. Tarehe kwenye deleted_at haifikii pia, wala jedwali la kumbukumbu. Ukitumia mojawapo ya njia hizo tatu kwa data ya watu, unahitaji kazi ya pili inayopita kila baada ya muda na kufuta kweli, au kubadilisha jina, NIN na simu kuwa tupu huku namba ya rekodi ikibaki. Nakala rudufu zako ziwe na umri wa mwisho vilevile, maana aliyefutwa leo bado anaishi kwenye nakala ya mwezi jana.

Upande wa pili, Sheria ya Taratibu za Kodi inadai kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5 baada ya kipindi zinachohusu. Kwa hiyo mtu akiomba afutwe, jina linaweza kwenda lakini muamala haufuatani nalo.

Kipi kwa kipi

Miamala ya fedha: hakuna hata njia moja kati ya nne. Kosa kwenye leja linasahihishwa kwa kuandika muamala wa kulirudisha, na lile la kwanza linabaki likisomeka. Programu yenye kitufe cha Futa kwenye ukurasa wa miamala ningeikataa kabla ya kuuliza bei.

Wanachama: hapa ndipo watu wengi wanachanganya mambo. Mtu aliyetoka kwenye chama hajafutwa, ametoka. Aliyefariki amefariki. Hizo ni hali, zinataka safu ya hali yenye tarehe yake, na ripoti ya mwaka itazihitaji. deleted_at ibaki kwa rekodi iliyoingizwa kimakosa, kama mtu aliyesajiliwa mara mbili. Ukifanya hivyo utashangaa waliofutwa walivyo wachache, na mzigo wa deleted_at unapungua. Kwa kuwa wanachama wana miamala inayowarejelea, jedwali la kumbukumbu haliwafai.

Maombi yaliyokataliwa, miadi iliyopita, bidhaa zisizouzwa tena na zisizorejelewa popote: jedwali la kumbukumbu. Vitu vya muda: futa kabisa.

Na kama hamhami bado, mko kwenye FoxPro na fedha za kuhama hazijapatikana, nyota inafaa kuendelea nayo. Ongezeni safu mbili tu, ya tarehe na ya jina la aliyefuta, zijazwe kwa REPLACE kabla ya kila DELETE. RECALL inapata sharti la kushikilia, na kazi ya kuhama siku ikifika inakuwa rahisi.

Siku hiyo, anayehamisha data aangalie kwanza kifaa anachotumia kinaifanyia nini ile baiti ya mwanzo. Maktaba ya dbfread ya Python inazitenga: rekodi hai unazipata ukipita kwenye jedwali, zenye nyota ziko kwenye deleted. LibreOffice Base ina chaguo la kuonyesha zilizofutwa au kuzificha. Kifaa kisichotofautisha kitawapeleka wote PostgreSQL wakiwa hai. Zenye nyota zipeleke kwenye jedwali la peke yake, safu ya tarehe ya kufutwa iache NULL badala ya kubuni tarehe ya siku ya kuhama, kisha umpe katibu wa chama orodha aipitie na daftari la karatasi mkononi kabla hujazitupa.